Kinywa kilinyamaza, ngozi ikasema: kisa cha mpishi na karoti zilizopikwa

Mkono wa kushoto ndio ulionifungua macho. Mgonjwa wangu hushika kisu kwa mkono wa kulia, na karoti au kiazi anachomenya huwa kwenye mkono wa kushoto. Ukurutu ulikuwa umekaa kwenye ncha za vidole vitatu vya mkono huo: gumba, shahada na cha kati. Ngozi ilikuwa imekuwa nene, imepasuka nyufa nyembamba, na pembeni mwa kucha palikuwa na vilengelenge vidogo kama vichwa vya pini. Mkono wa kulia ulikuwa mkavu tu, kama wa mtu yeyote anayelowesha mikono kutwa nzima.

Ni mama wa miaka 36, mpishi kwa kazi, anayeishi katika nchi ya baridi ambako miti ya birchi imepandwa kando ya barabara. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha au nimeyaacha, naye ameridhia kisa chake kiandikwe. Ninakiandika kwa sababu ndani yake kuna kosa langu, na ni kosa ambalo naamini madaktari wengi wanalirudia kila siku kwa nia njema kabisa.

Tulikutana mara ya kwanza mwaka mmoja na nusu kabla ya siku hiyo ya mkono wa kushoto. Alikuja kwa ajili ya kinywa. Akila tufaha bichi, ndani ya dakika tano midomo humwasha, kaakaa humtekenya, na masikio humwasha kwa ndani, mahali asipoweza kufikisha kidole. Baada ya nusu saa yote huisha. Ilianza na tufaha, ikafuata cheri, kisha karoti mbichi, kisha njugu za hazeli. Hakuwahi kukosa pumzi, kutapika wala kuzimia. Nilipomuuliza kuhusu mafua, alicheka: kila majira ya kuchipua, tangu akiwa na miaka 24, pua hutiririka na macho humwasha wiki kadhaa mfululizo. Na utotoni? Utotoni alikuwa na pumu ya ngozi, kama watu wengi wanavyouita ukurutu huu, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ilitulia alipofika ujana.

Hadithi hiyo ni ya kitabuni. Mafua ya chavua ya birchi yalitangulia, mzio wa kinywa ukafuata. Nikampima, majibu yakakubaliana na maelezo yake, nami nikampa ushauri ambao kila mmoja wetu alifundishwa kuutoa: matunda na mboga hizi usizile mbichi, vikipikwa havina neno.

Alinisikiliza. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Pacha wa chavua

Ili kosa hilo lieleweke, lazima kwanza ieleweke ni kwa nini mti wa barabarani unamfanya mtu awashwe na tufaha.

Chavua ya birchi ina protini inayoitwa Bet v 1. Ni ndogo, ina viungo viitwavyo asidi za amino vinavyokaribia 160, na mpangilio wa viungo hivyo ulijulikana mwaka 1989 pale Heimo Breiteneder na wenzake walipoinakili jeni yake. Mti hauitengenezi ili kumtesa mtu. Inatoka katika ukoo mkubwa wa protini ambazo mimea huzalisha inaposhambuliwa na vimelea au kupatwa na dhiki, na kwa kuwa kazi hiyo ni ya kale, mimea mingi ina toleo lake. Tufaha lina Mal d 1. Karoti ina Dau c 1, seleri ina Api g 1, hazeli ina Cor a 1, soya ina Gly m 4. Pichi, peasi, cheri na kiwi nazo zimo katika ukoo huo.

Ukizipanga protini hizi kiungo kwa kiungo, Mal d 1 ya tufaha inafanana na Bet v 1 kwa zaidi ya nusu, na ile ya seleri kwa takribani asilimia 40 tu. Asilimia 40 inaonekana ndogo. Lakini namna zinavyojikunja karibu ni ile ile, na kingamwili haisomi orodha ya viungo, inapapasa umbo. Mtu ambaye mwili wake umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya Bet v 1 anapotafuna tufaha, IgE hiyo inamkamata pacha kwa kosa la nduguye. Seli za masti, seli za kinga zilizo kwenye utando wa mdomo, zinamwaga histamini, kemikali ya muwasho, na muwasho unaanza. Huu ndio mzio mtambuka: mwili ulijifunza adui mmoja, ukaanza kuwapiga wote wanaovaa sura yake.

Jina la mzio wa kinywa kama mkusanyiko wa dalili lilitolewa mwaka 1987 na Amlot na wenzake, ingawa uhusiano wa chavua na matunda ulikuwa umeripotiwa miongo kadhaa kabla. Kinachofanya dalili ziishie mdomoni ni udhaifu wa protini zenyewe. Moto unazifumua, na tindikali na vimeng'enya vya tumbo vinazikatakata upesi. Zikishamezwa, umbo limekwisha. Ndiyo maana tufaha bichi linawasha na tufaha lililookwa haliwashi. Katika nchi zenye birchi, zaidi ya nusu ya wenye mzio wa chavua hiyo huja kupata shida ya aina hii, kwa hiyo sizungumzii jambo la nadra.

Si kila protini ya tunda ni dhaifu hivyo. Kuna ukoo mwingine, wa protini zinazobeba mafuta, ambao Pru p 3 ya pichi ndiyo mfano wake maarufu. Hizo hukaa zaidi kwenye ganda, hustahimili moto na tumbo, na zinaweza kumwangusha mtu chini. Daktari anayemwambia mgonjwa "kinywa tu hicho, usijali" bila kujua ni ukoo gani uko mbele yake anabahatisha maisha ya mtu. Mgonjwa wangu nilikuwa nimempima damu: Bet v 1 ilijibu kwa nguvu, Pru p 3 haikujibu, na Bet v 2, ile profilini inayopatikana karibu katika kila mmea, haikujibu pia. Kwa upande huo nilikuwa na uhakika. Nilikosea upande mwingine.

Alivyorudi

Aliporudi alikaa, akavua sweta, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza yangu bila kuambiwa. Mikunjo ya viwiko ilikuwa myekundu, imekwaruzwa hadi kutoa maji. Shingo vivyo hivyo. Vidole vya kushoto nimekwisha kuvieleza.

"Daktari, ulichoniambia nimekifuata," alisema. "Mdomo hauniwashi tena. Lakini ngozi yangu imerudi utotoni."

Mimi nilifikiri kwanza kuhusu kazi. Mpishi hulowa maji, sabuni na juisi za vyakula kuanzia asubuhi, na ukurutu wa mikono katika kazi hiyo ni jambo la kawaida. Kuhusu viwiko na shingo nilifikiri msongo, majira ya baridi, hewa kavu. Niliandika krimu ya steroidi, nikamwambia apake mafuta mazito mara kwa mara. Alipata nafuu ya wiki mbili. Kisha ikarudi.

Yeye ndiye aliyetoa ufunguo, bila kujua. Nilimuuliza jioni hula nini. Akasema supu, kila siku supu, kwa sababu nilimwambia mboga zilizopikwa ni salama na yeye anapenda karoti. Zamani alikuwa anakula karoti mbili tatu mbichi kwa wiki, akiwashwa na kuacha. Sasa alikuwa anapika sufuria ya karoti na seleri na kuila siku nne hadi tano kwa wiki, tena kwa bakuli mbili. Ushauri wangu ulikuwa umemwondolea onyo la kinywa na kumzidishia kiasi anachokula.

Nilimpa daftari. Kwa wiki tatu aliandika alichokula, kama kilikuwa kibichi au kimepikwa, kinywa kilisemaje, na ngozi ilikuwaje asubuhi iliyofuata. Ile safu ya "asubuhi iliyofuata" ndiyo iliyokuwa muhimu, kwa sababu watu wengi, na madaktari nao, hutafuta chakula chenye hatia katika saa moja kabla ya muwasho. Ukurutu hauendi kwa mwendo huo. Katika daftari lake, usiku wa supu ulifuatwa na asubuhi ya kujikuna mara nyingi kupita kiasi cha kupuuzwa, lakini si kila mara.

Daftari peke yake si ushahidi. Mtu anayeteseka huona mpangilio hata pasipokuwa nao, na ukurutu hupanda na kushuka wenyewe. Nimeona wazazi walioondoa vyakula kumi katika lishe ya mtoto kwa daftari tu, mtoto akabaki na ukurutu ule ule na uzito pungufu. Kwa hiyo tulianza upya na vipimo.

Vipimo, na kile ambacho havikusema

Aliacha vidonge vya mzio kwa wiki moja ili visifiche majibu. Kisha tukafanya kipimo cha kuchoma ngozi: tone la kitu kinachoshukiwa huwekwa kwenye ngozi na kuchomwa kidogo kwa sindano. Uvimbe unaozidi ule wa tone lisilo na kitu kwa milimita 3 au zaidi ndio unaohesabiwa. Chavua ya birchi ilimpa milimita 8. Kwa vyakula sikutumia dawa za chupa, kwa maana protini za ukoo wa Bet v 1 huharibika wakati wa kutengeneza dawa hizo na kipimo hutoka safi kwa mtu mwenye mzio wazi kabisa. Tulichoma sindano kwenye karoti yenyewe kisha kwenye ngozi. Karoti mbichi milimita 6, tufaha bichi 7, seleri mbichi 5, kiazi kibichi 4.

Karoti iliyochemshwa: sifuri. Tufaha lililopikwa: sifuri.

Hapa ndipo ningefunga jalada kama nisingekuwa na daftari lake mkononi. Kipimo kilisema karoti iliyopikwa haina hatia. Kilichokuwa kinapimwa, hata hivyo, ni IgE peke yake, jambo la dakika 15. Hakikuwa na namna ya kunieleza kuhusu kinachotokea baada ya saa 24.

Tulifanya pia kipimo cha kubandika, viraka mgongoni kwa saa 48, kutafuta mzio wa mgusano: kemikali za mpira wa glavu, manukato, vihifadhi vya sabuni. Nikeli ilijibu kidogo, na yeye mwenyewe alikumbuka hereni za bei rahisi za ujanani. Haikuwa na uhusiano na kisa hiki. Mengine yote yalikuwa kimya.

Mkono wa kushoto tuliuchunguza kwa namna ya zamani. Nilikata kipande cha karoti mbichi, nikakisugua polepole kwenye ngozi safi ya ndani ya mkono wake. Dakika ishirini zikapita bila lolote. Kisha nikasugua kipande kingine kwenye ncha ya kidole cha shahada, pale ambapo ukurutu ulikuwa umepoa lakini ngozi bado ni nyembamba. Dakika ya saba aliniambia panawasha. Dakika ya kumi na mbili vilengelenge vilikuwa vimeinuka, vitano, vyenye maji safi ndani, na mimi na muuguzi tuliviona vikija.

Hali hiyo ilielezwa Denmark mwaka 1976 na Hjorth na Roed-Petersen kwa watu wanaoshughulika na vyakula, na huitwa ukurutu wa mgusano wa protini. Protini ni kubwa mno kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Zinahitaji mlango uliovunjika, na maji, sabuni na kisu vinauvunja. Mtu aliyekuwa na ukurutu tangu utotoni mara nyingi ana ngozi yenye mlango dhaifu kwa kuzaliwa. Ndiyo sababu kipimo kwenye ngozi nzima kilitoka kitupu na kwenye kidole kikajibu, na ndiyo sababu mtu akipimwa mahali pasipostahili huambiwa hana kitu. Viazi vibichi vilikuwa vikimfanyia vivyo hivyo kazini: kumenya ndoo nzima kulimwacha akipiga chafya na vidole vikiwasha, naye alidhani ni vumbi la udongo.

Kwa mikono, basi, jibu lilipatikana siku moja. Viwiko na shingo vilibaki fumbo.

Siku nne za bakuli

Tulisubiri msimu wa chavua upite, maana chavua yenyewe ingeweza kuwasha ngozi na kuchafua kila tulichopima. Kwa wiki nne aliacha vyakula vyote vya ukoo wa birchi, vibichi na vilivyopikwa. Tuliipima ngozi kwa SCORAD, kipimo ambacho hujumlisha eneo lililoathirika, ukali wa wekundu na mikwaruzo, pamoja na muwasho na usingizi, kwa alama hadi 103. Alianza na 38. Baada ya wiki nne alikuwa na 17. Nilifurahi, lakini nilijua kwamba furaha hiyo haithibitishi kitu: alikuwa pia anapaka dawa vizuri kuliko awali, na alikuwa na matumaini, na matumaini hulaza usingizi.

Kwa hiyo tukamjaribu bila yeye wala mimi kujua anakula nini. Mtu wa jikoni la hospitali alitengeneza rojo nne zenye rangi na ladha moja, zilizopikwa muda mrefu: moja ya karoti, moja ya seleri, moja ya tufaha, moja isiyo na chochote kinachohusika. Muuguzi alikuwa na bahasha yenye mpangilio. Kati ya bakuli na bakuli zilipita siku kadhaa, na ngozi ilipimwa kabla, baada ya saa 24, na baada ya saa 48.

Hakuna bakuli lililomwasha mdomo. Hata moja.

Baada ya bakuli la kwanza alama zilibaki 16. Baada ya la pili, asubuhi iliyofuata, alinipigia simu kabla ya miadi. Alipofika, kunjo la kiwiko cha kulia lilikuwa jekundu, limevimba kidogo, lina alama mpya za kucha, na alama zilikuwa 35. Tulisubiri zishuke. Bakuli la tatu, 18. Bakuli la nne, 31. Katika kipimo hiki, kupanda kwa alama 10 au zaidi ndiko kunakochukuliwa kuwa jibu.

Muuguzi akafungua bahasha. La kwanza lilikuwa tupu. La pili karoti. La tatu tufaha. La nne seleri.

Nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, kwa maneno yangu, kwamba vikipikwa havina neno.

Kitambaa na mshono

Maelezo ya jambo hili yamekuwapo kwa muda. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba vyakula vya ukoo wa birchi vinaweza kuchochea ukurutu kwa baadhi ya watu wazima wenye ugonjwa huo, na kwamba kwenye ngozi yao kulikuwa na seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, zinazotambua chavua. Mwaka 2006 Barbara Bohle na wenzake mjini Vienna walipiga hatua zaidi: walipika tufaha, karoti na seleri, wakaona kwamba vyakula hivyo vilivyopikwa havikuleta tena muwasho wa kinywa, lakini kwa wagonjwa wenye ukurutu bado viliweza kuuzidisha.

Nimekuwa nikilieleza hivi kwa wagonjwa. Chukua shati lenye maua, ufumue mishono yote. Shati halipo tena. Aliyekuwa analitambua kwa mkato wake atalipita. Lakini vitambaa vipo, na maua yaliyochapwa juu yake yapo. IgE hutambua mshono. Seli T hutambua kitambaa: hazihitaji protini iliyojikunja, zinasoma vipande vifupi vya mnyororo, na hata katika hali ya kawaida protini lazima ikatwe kwanza ndani ya seli nyingine ndipo vipande hivyo vionyeshwe kwao. Moto unafumua mshono. Kitambaa hakiungui katika supu.

Seli T haziendi kwa dakika. Zinahitaji saa nyingi kukusanyika, kutoa kemikali zao na kuijaza ngozi uvimbe na muwasho. Kwa hiyo mtu anakula karoti zilizopikwa saa moja usiku, kinywa kiko shwari, analala, na asubuhi au kesho yake jioni anajikuna. Nani atakumbuka supu?

Seleri ina tabia yake zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa hubaki na nguvu hata kwa IgE baada ya kupikwa au kukaushwa kuwa kiungo cha unga, hivyo mtu asiitumie kama mfano wa mboga zote.

Mbona tufaha lililopikwa halikumfanya kitu, na protini yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ya birchi kuliko hizo mbili? Vipande vinavyotambuliwa hutofautiana mtu na mtu, kiasi cha protini hutofautiana tunda na tunda, na yeye alikuwa amekula karoti kwa mwaka mzima kwa wingi usio wa kawaida. Ninalosisitiza ni hili: kipimo cha tufaha bichi kilimpa milimita 7, uvimbe mkubwa kuliko karoti, na hata hivyo tufaha lililopikwa lilikuwa salama kwa ngozi yake. Kama ningefuata kipimo hicho cha tufaha bichi ningemkataza. Kama ningefuata kinywa ningemruhusu vyote vitatu. Vyote viwili vingekuwa makosa.

Tulichofanya

Kazini, mwenzake sasa ndiye anayemenya, na yeye amechukua sehemu ya majiko. Akilazimika kugusa mboga mbichi huvaa glavu za nitrili juu ya glavu nyembamba za pamba, na huzivua kila baada ya dakika ishirini hivi, kwa sababu jasho ndani ya glavu huharibu ngozi kama maji ya sinki. Ncha za vidole tulizipaka steroidi kali kwa wiki mbili na kuipunguza polepole. Kwa shingo na mikunjo, ambako ngozi ni nyembamba, tulitumia mafuta ya takrolimasi, dawa ya kutuliza uvimbe isiyo steroidi. Mafuta mazito yasiyo na manukato kila akitoka kunawa. Hilo ndilo analosema lilimgharimu nidhamu kuliko mengine yote.

Katika chakula, karoti na seleri ametoa kabisa, za namna zote. Tufaha analipika na kula apendavyo. Njugu za hazeli na cheri hazili zikiwa mbichi kwa sababu ya kinywa. Zilizopikwa hatujazijaribu, na hazili kwa wingi kiasi cha kufaa kuzijaribu sasa. Hatukuondoa kitu kingine. Alikuja na orodha aliyoipata mahali, yenye vyakula zaidi ya thelathini "vinavyohusiana na birchi," akaniuliza kama aviache vyote. Nilimwambia hapana, na nilisema kwa ukali kidogo. Orodha za namna hiyo zinaonyesha protini zinazofanana, hazionyeshi ugonjwa wa mtu. Kuacha chakula ambacho mwili unakivumilia si jambo dogo: lishe inapungua, kula na watu kunakuwa mateso, na kwa mtoto mwenye ukurutu kuna hatari nyingine, kwamba chakula kilichoachwa muda mrefu kikirudi kinakuta mwili umesahau kukivumilia na kuleta mzio mkali wa papo kwa papo. Kwa mtoto jaribio hili lisifanywe nyumbani.

Jambo moja nililomwonya bila kungoja kipimo ni maziwa ya soya. Gly m 4 iko ukoo ule ule, na kinywaji hunywewa kwa wingi na haraka. Wapo wenye mzio wa birchi waliopata shida kubwa kwa glasi moja, hasa wakati chavua iko hewani. Kwa jumla, wenye mzio wa kinywa wanaofikia mshtuko, yaani mzio mkali wa mwili mzima, ni wachache, karibu 2 kati ya 100 katika takwimu zinazonukuliwa sana, lakini wachache hao si sifuri. Sauti ikikwaruza, koo likibana, akitapika, vipele vikitapakaa mwilini au kizunguzungu kikija, hiyo si ya kusubiri nusu saa ipite. Sikumwandikia sindano ya adrenalini kwa kuwa hajawahi kuvuka mipaka ya kinywa na protini zake ni za ukoo dhaifu. Daktari mwingine angeweza kuamua tofauti, nami nisingebishana naye sana.

Aliniuliza kama sindano za kuzoesha mwili chavua zitamrudishia karoti. Zinasaidia pua na macho vizuri. Kwa chakula matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka, na kwa ukurutu unaoletwa na chakula kilichopikwa sina cha kumwahidi. Kuna jaribio la Vienna lililochapishwa mwaka 2018 ambalo Mal d 1 yenyewe iliwekwa chini ya ulimi na ikapunguza mzio wa tufaha kuliko Bet v 1 ilivyofanya. Ni njia ya kutazamwa, lakini bado si dawa ninayoweza kumwandikia.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alikuja tena. Birchi zilikuwa zimechanua, na shingo na kope zilikuwa nyekundu, kwa maana chavua ya hewani nayo hutua kwenye ngozi na kuamsha seli zile zile. Alikuwa na alama 24. Viwiko vilikuwa vimetulia. Vidole vya kushoto vilikuwa safi, kucha zimeota sawasawa, isipokuwa ufa mmoja mdogo kwenye gumba ambao aliungama kwamba ni wa siku mwenzake alipougua na yeye akamenya viazi mikono mitupu.

Alisema bado anaonja supu za wateja, kijiko kimoja kimoja, na hajaona ngozi ikilalamika. Nikaandika hilo pia. Kiasi kina maana, na huenda siku moja bakuli dogo la karoti mara moja kwa wiki likamfaa. Tumepanga kulijaribu Novemba, chavua ikiwa imekwisha, kwa bahasha na muuguzi kama mara ya kwanza.